Shingo Mia Mbili na Kumi na Nne katika Kaye ya Mama Generose

Sasa hivi, kabla sijaandika mstari huu, binti yangu Chérie amelaza gunzi la mahindi juu ya mto ninaoushona, amelifunika kitambaa hadi kifuani, halafu amelipiga shavuni kwa kidole kimoja, polepole, mara tatu. Akaliinamia. «Mama, taja jina ya mutoto yako.» Gunzi halikujibu. Akanigeukia na kusema: «Iko sawa. Analala bado.»

Ana miaka minne. Hakuna aliyemfundisha kwa makusudi. Ameona tu, kwa sababu tangu azaliwe anashinda nami hapa katika chumba cha kufulia cha hospitali yetu, na mlango wetu unatazamana na mlango wa sale ya operesheni, yaani chumba cha upasuaji. Anachokiiga ni kazi ya Mama Generose.

Mama Generose anastaafu kesho Ijumaa, tarehe 28 Juni 2024, baada ya miaka thelathini na tatu. Kila idara imeombwa ukurasa mmoja wa kuweka katika programu ya sherehe, na katibu aliponiletea karatasi aliniambia: «Mama Chérie, weka mambo ya kuchekesha, bantu bafurahi.» Nitayaweka. Lakini nimekasirika tangu Jumatatu, na ni Mama Generose mwenyewe aliyeniambia kwamba shuka likifuliwa na mtu mwenye hasira linatakata zaidi. Basi nitaandika vilevile ninavyofua.

Alizaliwa Sange, katika nyumba ya wakulima wa mpunga na muhogo. Alianza hapa Mei 1991, kazi ya kusugua sakafu na kuchota maji. Baadaye alienda shule ya waganga, yaani wauguzi, akarudi na diploma, na tangu 1996 yuko ndani ya sale ya operesheni. Miaka ishirini ya mwisho amekuwa mkubwa wa sale hiyo. Ameona wakurugenzi kumi na mmoja. Kila mmoja alipofika alitaka kabati la vyombo lihamishwe upande mwingine, na kila mmoja alipoondoka Mama Generose alilirudisha mahali pake. Mwaka 2020, mto Mulongwe ulipofurika, alikuja kazini miguu mitupu, viatu vikining'inia shingoni kwa kamba zake, sanduku la vyombo vilivyochemshwa kichwani, na akawauliza waliobaki nyumbani kama maji yalikuwa yamewatumia barua ya ruhusa.

Hajui kunong'ona. Hilo tunalijua wote. Siku moja alikuwa anauliza wenzake ndani ya sale, «Mukasi iko wapi?», na mgonjwa wa kutoka Kimanga ambaye sote tulidhani dawa imeshamchukua akajibu macho yakiwa yamefumba: «Ku meza, mama, kando ya pamba.» Na mkasi ulikuwa pale kweli.

Lakini akitajwa Mama Generose, watu wa kwetu hawafikirii mkasi. Wanafikiria shingo. Huku kwetu rovu, au goita kama tunavyosema wengi, si jambo geni. Wanakuja wamejifunga kitambaa shingoni hata wakati wa joto, wengine kutoka bonde la Ruzizi, wengine wameshuka kutoka milimani, na wengi ni akina mama. Daktari anapasua, daktari anasifiwa, na ni haki yake. Ila kuna mambo mawili yanayoweza kuharibika, na Mama Generose ndiye anayeyalinda. La kwanza ni sauti, kwa kuwa mshipa unaoiendesha ni mwembamba kama uzi na unapita nyuma ya rovu. Kwa hiyo mgonjwa akizinduka, Mama Generose anamwambia ataje jina la mtoto wake, au la mama yake kama hana mtoto. Anasema mtu hawezi kulitaja jina hilo kwa uvivu, atatoa sauti yote aliyo nayo. La pili ni ile ganzi ya midomo na vidole inayokuja kesho yake, kama siafu wanatembea, wakati chokaa ya mwili imeshuka. Anagonga shavu kwa kidole. Mdomo ukirukaruka, anatoa vidonge, halafu anawaamuru watu wa nyumbani walete ndagala, yaani dagaa wakavu, na waliwe na mifupa yao yote mbele ya macho yake.

Sasa nifike kwenye ile karatasi iliyonikasirisha.

Mwaka 2017 alikuja Dokta Norbert, na baada ya miezi michache karatasi ikabandikwa kwenye mlango wa sale. Iliandikwa kwamba mwenye rovu akizidi kilo tisini hapasuliwi. Apunguze kwanza. Sababu zilisemwa: shingo nene ni fupi, mpira wa kupumulia hauingii vizuri, kazi inachukua muda mrefu, kidonda kinatoa maji. Dokta Norbert si mtu mbaya. Atausoma ukurasa huu, na ausome. Alikuwa anaogopa mtu kumfia mezani, na mimi naielewa hofu hiyo. Ninachokasirikia ni kwamba hofu yake iliandikwa kwa mashine, ikabandikwa mlangoni, ikawa sheria, na sheria hiyo wakabebeshwa wanawake peke yao. Apunguze vipi? Kwa miguu gani, wakati akipanda ngazi tatu tu anatoa mluzi? Na wako ambao rovu lenyewe limeupoza mwili, hata wakila kidogo kilo zinapanda. Unamwambia mtu mzigo wake ndio unaomzuia kuutua mzigo.

Shangazi yangu Anne aliuza mchele wa Bwegera sokoni. Alikuwa mnene, mwenye kelele, na rovu lake alilifunga kitambaa cha manjano. Alipokuja mara ya kwanza alikuwa na kilo tisini na nane. Akaambiwa arudi nyumbani apunguze nane. Akaacha bugali, akawa anaenda sokoni kwa miguu. Mara ya pili, tisini na nne. Akaambiwa bado nne. Siku ile alicheka, akaniambia mbele ya foleni nzima: «Banapima minye sawa muchele. Basi baniambie ni bei gani.»

Mara ya tatu ilikuwa Februari 2021, asubuhi, saa nne. Alikuja kwa pikipiki, mimi nyuma yake nimemshika kiunoni, na shingo yake ilikuwa inalia kama birika. Desturi ya hapa wakati ule ilikuwa kwamba mwenye rovu apande kwenye mizani kabla ya jambo lolote. Akapandishwa, mimi nikimshika mkono. Themanini na saba. Wiki tatu hakuwa amemeza kitu isipokuwa uji mwepesi. Yule aliyempima aliandika namba na kusema kwa furaha, na sidhani kama alikuwa na ubaya wowote: «Mama, sasa umefika. Ukae pale, ungojee fishi.» Shangazi akakaa pale akangoja fishi, karatasi yake ya ruhusa. Hakufikisha saa tano. Fishi yake ilipotoka ilikuwa imeandikwa kwamba ameruhusiwa kupasuliwa.

Sikupiga kelele. Nilirudi kwenye chumba hiki nikafua mashuka ambayo tayari yalikuwa safi. Mama Generose akaja akasimama mlangoni. Hakuniambia pole, pengine aliona pole haingeingia. Aliniuliza kwa sauti ile yake isiyojua kunong'ona: «Alikuwa na kilo ngapi?» Nikamwambia. Akaondoka. Nilimchukia siku mbili nzima kwa swali lile.

Jumatatu iliyofuata, mwaka uleule wa 2021, tulikuwa na mkutano wa wote, na sisi wa usafi tunakaa benchi la nyuma. Mama Generose aliingia na kaye ya shule, daftari lile lenye mistari, jalada lake limefungwa kwa plasta. Kumbe tangu 1996 alikuwa anaandika kila shingo iliyopasuliwa katika sale yake. Jina, kilo, muda mezani, sauti, midomo, kidonda. Shingo mia mbili na kumi na nne. Kati yao sitini na moja zilikuwa za watu waliozidi kilo tisini, kwa sababu kabla ya karatasi ile walikuwa wanapasuliwa kama wengine.

Dokta Norbert aliigeuza mikononi. «Mama Generose, hii ni kaye ya mutoto wa shule. Sayansi haiandikwe na bic nyekundu.»

«Nyekundu njo benye bakufa, Dokta. Fungua. Utafute nyekundu.»

Akafungua. Alipekua mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akapekua tena kwa kidole. Mstari mwekundu ulikuwa mmoja. Mwanamume wa kilo hamsini na nane.

«Lakini hapa banene banachukua saa mingi,» akasema.

«Nusu saa zaidi. Niliandika. Na vidonda vyabo vinatoa maji zaidi kidogo, hiyo pia niliandika. Sikuficha kitu.»

«Na sauti?»

«Mu banene sitini na moja, babili balipoteza. Mu bale bengine mia moja na makumi tano na batatu, batano. Weye ulisoma, weka hesabu.»

Akaiweka kando ya kaye, kwa kalamu yake mwenyewe, ikatoka karibu sawa pande zote mbili. Alisema: «Na kupumua? Muntu munene umulaze chali, kifua inapanda, shingo inapotea. Mpira itapita wapi?»

«Nani alikuambia umulaze chali?»

Akatoka, akarudi na mito miwili. Mito hiyo aliishona mwenyewe zamani, kwa kitenge kilichochoka, ndani yake mfuko mgumu wa plastiki uliojaa pumba za mpunga kutoka mashine za kukoboa za Bwegera. Mto wa pamba unabonyea, mtu anazama. Pumba zinajipanga kufuata mgongo, halafu zinakaa pale pale. Unaanza chini ya mabega, unapandisha taratibu kama mteremko, mpaka tundu la sikio lilingane na kifua. Hapo shingo inajitokeza hata kwa mtu ambaye ulidhani hana shingo. Mama Generose alisema maneno ni mengi, Dokta alale aone. Na Dokta Norbert, mbele ya wafanyakazi wote, akavua koti jeupe akalala juu ya meza ya mkutano. Yeye mwenyewe si mtu mdogo. Hakuna aliyetaja kilo zake, lakini benchi letu zima lilikuwa linatazama dari kwa nguvu.

Akavuta pumzi, akavuta tena.

«Inapita,» akasema.

«Kilo iko na maana, Dokta,» Mama Generose akamwambia akiwa bado amelala. «Iko na maana ya mito, na ya nusu saa, na ya kuangalia kidonda mara mbili ku siku. Haina maana ya kufunga mulango.»

Halafu akasoma ukurasa wa mwisho. Huo hakuwa amewaonyesha. Ulikuwa na majina kumi na tisa ya wale waliorudishwa tangu karatasi ilipobandikwa, kila jina na kilo zake, na nafasi nyingine zote tupu. Muda mezani, hakuna. Sauti, hakuna. Jina la kumi na tisa lilikuwa Anne, kilo themanini na saba. Ndipo nikaelewa kwa nini aliniuliza. «Kwa hawa, kidonda hakikutoa maji hata moja,» akasema. «Hiyo ni kweli kabisa.»

Karatasi ilitolewa mlangoni siku ileile. Wa kwanza kupasuliwa baada ya hapo nilikuwa mimi.

Sijasema kwamba na mimi nilikuwa na rovu. Lilikua baada ya kumzaa Chérie, likawa kama chungwa, na nilikuwa na kilo mia moja na nne. Nilikuwa nalificha kwa kola ya blauzi, kwa kuwa nilijua jibu. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja, bado ananyonya. Nilipanda mezani nikitetemeka hata pumba zilikuwa zinalia chini yangu, na Mama Generose akanishika kichwa kwa mikono miwili akasema: «Weye tulia. Minye ninahesabu kilo ya mashuka yako kila siku, siogope zako.» Nilipozinduka kidole chake kilikuwa tayari shavuni mwangu. Akaniambia nitaje jina la mtoto wangu. Ilitoka sauti kama ya pumba zikisuguliwa, lakini ilitoka. Chérie. Akaliandika kwenye kaye, kwa bic ya buluu. Kidonda changu kilitoa maji siku sita, na siku zote sita alikifungua asubuhi na jioni. Ndagala nilizokula sitaki hata kuzikumbuka. Leo hii naimba sauti ya pili katika kwaya.

Tangu siku ile wamepasuliwa wanene ishirini na watatu, na hakuna mstari mwekundu uliozidi ule mmoja. Mimi ndiye ninayeshona mito sasa, ninayebadilisha pumba, ninayechemsha foronya. Amenifundisha pia kuipanga. Mimi niliyeishia darasa la pili la sekondari, naingia na kanzu ya kijani, naangalia sikio na kifua mpaka vilingane, natoka.

Na Jumatatu hii karatasi imerudi. Iko mlangoni, maneno yaleyale, kilo zilezile tisini, imeandikwa kwa mashine, bila saini. Nimeuliza kila ofisi. Hakuna aliyeiweka. Yaani imejibandika yenyewe, imengoja miaka mitatu mpaka mtu mmoja afikie umri wa kustaafu, ikatafuta gundi. Dokta Norbert alisimama mbele yake akaisoma, mikono mfukoni. Hakuichana. Kuna mama wa Sange, anaitwa Umwiza, kilo tisini na tisa, alikuwa amepangiwa kupasuliwa leo. Alipofika asubuhi hii Dokta akamwambia: «Tungojee kwanza, mama. Mukubwa mupya wa sale hajafika. Tutaona.»

Tutaona. Shangazi Anne naye aliambiwa angoje. Kama kazi ya miaka thelathini na tatu inaweza kufutwa kwa karatasi moja isiyo na mwenyewe, basi kesho tunakula keki ya nini, na hizi hotuba ni za nini. Tutasema Mama Generose ametuachia mfano mzuri, wakati mfano wake uko kwenye kaye na mlango umefungwa.

Yeye hakusema tutaona. Asubuhi hii alipita mbele ya chumba changu, kaye kwapani, akaingia ofisini kwa Dokta, na kwa kuwa hajui kunong'ona nilisikia: «Minye ninaenda kesho. Leo niko.» Kisha akasema: «Na mito iko na muntu. Ulimuona mwenyewe.» Sikusikia Dokta alijibu nini. Bado wako ndani.

Umwiza amekaa kwenye benchi mbele yangu tangu saa moja. Hajala, kama alivyoagizwa, na kitambaa chake ni cha buluu. Chérie ameliacha gunzi, ameenda kwake, amemgonga shavu kwa kidole na kumwambia ataje jina la mtoto wake. Mama huyo ameshangaa kidogo, halafu ametaja majina mawili, polepole. Ana sauti nzito, nzuri. Sitaki ipotee, na sitaki irudi Sange na kitambaa kile.

Basi nimalize, maana katibu anataka karatasi kabla ya saa sita. Mama Generose, sisi wa mashuka, wa sakafu na wa vyungu tunakushukuru. Umetupigia kelele miaka thelathini na tatu na hukumdharau hata mmoja wetu. Nyumba yako ya Sange iwe na kivuli, mpunga wako uzae, wajukuu wako waje na vishindo. Usilete tena ndagala kwa mtu yeyote. Kaye umesema unaniachia mimi, na nimeogopa, kwa sababu mwandiko wangu si mzuri, lakini nimeshanunua bic mbili za buluu. Nyekundu sikununua. Tunakutakia maisha mema, na tunaku

Ananiita. Amesimama mlangoni kwa Dokta, ile karatasi ya Jumatatu ameikunja mkononi, na nyuma yake Dokta Norbert anafunga kofia ya kijani. «Mama Chérie, acha bic. Leta mito yote mbili. Mama wa Sange anapanda ku meza.»

Naja. Niseme neno moja tu: kesho kwenye sherehe msiponiona benchi la nyuma, msiseme nimedharau mwaliko, nitakuwa kando ya kitanda cha Umwiza, kidole shavuni, nikingoja ataje tena jina la